Mke Aitwaye Matobolwa

Mama, shikamoo. Bukene mvua imenyesha? Huku Maskati hata upepo wa baharini unaunguza.

Juzi wodini ninakouguza alifariki mzee wa Kiarabu aliyezaliwa Tabora mjini. Siku tatu aliita, "Matobolwa, matobolwa." Wanawe hawajui Kiswahili. Walidhani ni mke aliyemwacha huko kwetu, wakaona haya, wakanificha: kila nilipoingia walimnyamazisha. Leo, baada ya mazishi, binti yake ameniomba nimsaidie kumtafuta mama huyo. Nikamwambia ni viazi vitamu, vilivyochemshwa vikakaushwa juani.

Akauliza kama hapa vinapatikana. Nikasema hapana.

Mama, vile ulivyonifungashia vimo jikoni kwangu, mfuko mzima. Usinitumie vingine kwa sasa. Kula wewe, unikumbuke.

Mwanao,
Neema