Jozi ya Tano

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na Mama ameanza kula vizuri. Goti lako je?

Nasafisha karakana ya viatu ya marehemu Baba kabla wadogo zangu hawajaiuza. Unakumbuka, kila mwanawe alimchongea kalibu za mti za miguu yake, za kushonea viatu vyake, na mguu ukikua anabandika ngozi juu. Wateja aliwapima kwa uzi tu. Zetu zinaning'inia ukutani kwa mfuatano wa kuzaliwa, zangu msumari wa kwanza. Tuko wanne, lakini kabatini nimekuta jozi ya tano. Ni miguu ya nani?

Mwanao,
Jemadari

10 Machi

Jemadari wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua. Hizo ni za mteja tu. Zifanye kuni, upumzike. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe.

Shangazi yako

12 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Wewe na uongo hamuivi chungu kimoja.

Nimebandua ngozi za kalibu moja. Chini kabisa ni mguu wa mtoto anayeanza kutembea, juu ni wa mwanamume mzima, na gundi ya mwisho bado inanuka. Kidole cha pili kimepita gumba, kama changu, kama cha Baba. Na mti wake umezeeka kuliko wa zangu.

Sina hasira. Ila maisha yangu yote nimekuwa dada mkubwa, na sasa nataka kujua kama ni kweli.

Jemadari

30 Machi

Jemadari,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikwenda kwanza kumwomba ruhusa mwenyewe.

Ni kaka yako. Baba yako alimpata kabla ya ndoa, babu yenu akakataa asikanyage nyumbani. Babu alipokufa, baba yako akaona haya kuanza kueleza aliyoyanyamazia. Viatu nilipeleka mimi. Mama yako anajua. Ndiye aliyekuwa akivipiga rangi.

Umeshamwona. Siku ya mazishi, yule aliyesimama mlangoni, ukampa kiti ukamwambia, "Asante kwa kuja, mgeni wetu."

Shangazi yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sijawahi kumwamkia ndugu yangu yeyote. Siku zote huamkiwa mimi. Natumaini u mzima. Mama anakuulizia, anasema viatu vyako vitakuwa vimeshachubuka.

Lile neno "mgeni" linaniuma. Karakana haiuzwi, funguo ninazo mimi. Wadogo zetu wamenuna, hasira itawatoka. Nimepigilia msumari mmoja kabla ya wangu, nikatundika kalibu zako.

Njoo Jumapili. Safari hii kiti sikupi, ingia ujichukulie.

Mdogo wako