Mwezi Wako na Mwezi wa Kibirizi

Mwamini, mdogo wangu,

Mama anajua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa, na kazi yangu imenizoesha kutanguliza kubwa. Amejua Jumapili ya juzi asubuhi, wala hakuna mtu aliyemwambia. Umemwambia wewe mwenyewe, wiki kumi na moja baada ya kuzikwa.

Acha nikueleze kwa mpangilio.

Jumamosi ile hukutuma sauti yako ya kila wiki kwenye simu yangu, ya kumsikilizisha Mama. Kwa miaka sita hukuwahi kukosa hata moja. Jumapili nilimwambia Mama kwamba mtandao ni mbovu, akakubali, kwa sababu mtandao wa kwetu Kasingirima kweli ni mbovu. Jumatatu mchana akanipigia mwenzako wa huko Uingereza, wa kwenye ufuaji wa mashuka ya hospitali, yule Mgambia uliyekuwa ukimwita Dada Fatou. Alisema hukufika kazini, na kwa kuwa hujawahi hata kuchelewa, walikwenda kukugongea. Mlango ulivunjwa. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, umevaa koti na viatu vya kutokea, na mkoba miguuni una chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Daktari wao aliandika kwamba ni moyo.

Ulikuwa unatoka kwenda kutembea. Sijui ulikuwa unakwenda wapi. Ni swali ambalo mwandishi wa habari yeyote angeliuliza kwanza, na mimi sina wa kumuuliza.

Wakakuzika Jumatano. Viza nisingeipata kwa siku mbili. Niliyatazama maziko yako kwenye simu, nimesimama mjini nje ya duka la vipuri vya pikipiki, maana hapo mtandao unashika. Huko mvua ilikuwa inawanyeshea. Picha ilikatika wakati wanakushusha, ikarudi wakati watu wanakung'uta udongo mikononi. Mwenye duka aliniuliza kama natazama mpira.

Mama alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo hiyo. Ulijua kuhusu presha, lakini hukujua kwamba ilikuwa imempiga upande wa kushoto, maana tulikuficha ili usiache kazi. Kuficha tulianza nawe. Daktari alisema asipewe mshtuko wowote. Mjomba Saidi akatuita kwake Mwandiga, akasema, "Mkimwambia sasa mtazika wawili." Basi tanga lako likawekwa Mwandiga. Wanawake walilia kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na mgonjwa, na kila aliyetoka Ujiji aliapishwa asiseme. Nilipokea pole kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, nikihofia Mama atapiga kuuliza niko wapi.

Jumapili ikafika, akaiulizia sauti yako. Mjomba aliniambia, "Wewe si mtu wa redio? Si unazo zote?" Ninazo zote, kweli. Hakuna aliyenilazimisha. Miaka ishirini na mitatu nimekataa kusoma habari nisiyoithibitisha, mabosi wamenuna na nimekataa. Hii ya kumwekea Mama sauti zako za zamani kama mpya niliikubali nikiwa nimesimama uani kwa Mjomba, kabla sijamaliza kunawa mikono.

Nilianza na ile ya ziwa. Ulipanda mabasi mawili na treni kwenda kuliona ziwa lao kubwa kuliko yote, ukafika, ukakuta unaweza kumwita mtu wa ng'ambo na akaitika. Ulisema wanalipiga picha kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Mama alicheka kama alivyocheka mara ya kwanza, mdomo ukivutwa upande mmoja sasa, akasema hilo ni dimbwi, wamwonee huruma aliyelipa nauli. Hakukumbuka kwamba aliwahi kuisikia. Au alikumbuka akanyamaza. Sasa sina uhakika tena.

Wiki iliyofuata nikampa ile ya pwani, ndege wa baharini alipokupokonya samaki mkononi, na mzee mmoja kwenye benchi akakwambia hilo ni kosa lako, ulimshika kama mgeni. Kisha ile ya kasri lililobomoka ambalo watu wanapanga foleni kwenda kuona kuta zisizo na paa. Kisha ile ya nyumbani, siku uliyokaa ndani kwa mvua, ukaeleza unavyoanika nguo sebuleni mbele ya chuma cha joto, jua likizama saa kumi jioni, na jirani ambaye kwa miaka mitatu hajakuambia lolote ila habari za hali ya hewa. Hiyo Mama aliipenda kuliko zote. Alisema mtu wa namna hiyo angekuwa salama sana Ujiji, asingegombana na yeyote.

Nilizichagua kwa makini. Nililinganisha majira, baridi na baridi, majani na majani. Mahali ulipokohoa nilipakata. Mahali ulipomtaja mtu aliyezaa au aliyekufa nilipakata. Nimekata sauti za watu miaka yote hii, naweza kutoa sentensi nzima na pumzi isijue. Nilikuwa nazihariri mchana ofisini, nimevaa kichwani zile spika za masikioni, na wenzangu walidhani natayarisha kipindi.

Kitu kimoja sikukigusa, kwa sababu nilikuwa nimekisikia mara nyingi hadi nikaacha kukisikia.

Unakumbuka siku uliyoondoka. Mama alikushika mkono mlangoni, akasema baridi yao hawezi kuipima na treni zao hawezi kuziona, lakini mwezi ni mmoja. "Kila ukituma habari uniambie mwezi ukoje. Nitajua kama unanidanganya." Ulicheka ukasema Mama anadai ushahidi kama mahakama. Lakini ulitii. Kila Jumamosi ulimaliza na mwezi. Mtu mwingine angeona ni mapenzi tu. Sisi tuliolelewa na dagaa wa ufuko wa Kibirizi tunajua ilikuwa kazi. Mwanamke aliyeanika dagaa miaka thelathini hana haja ya kalenda. Mbalamwezi ikiwaka mashua zinakaa ufukweni na vichanja vya kuanikia vinabaki vitupu. Giza likiingia wanaume wanatoka na taa, na asubuhi mikono ya wanawake haipumziki. Mama anaujua mwezi kwa harufu iliyoko njiani.

Wiki za mwanzo Uingereza ilinisaidia kwa mawingu yake. "Mama, mwezi sijauona, mawingu." Mara nne au tano hivyo. Mawingu hayana tarehe.

Jumapili ya juzi nilimwekea ile ya soko la magari. Ulikuta watu wamefungua buti za magari yao uwanjani, wanauza nguo walizozichoka, vikombe, viatu vya watoto waliokua. Ukasema, "Mama, kumbe mitumba ina kwao. Nimeiona kabla haijapanda meli." Mama alikuwa uani, amekaa mkekani, mguu wa kushoto umenyooka. Siwema alikuwa ameingia dakika chache tu kabla. Unamjua, yule aliyekuwa akianika pamoja na Mama, jamvi kwa jamvi. Alileta ndoo ya dagaa wabichi, akasema giza la wiki hii limekuwa zuri, vichanja vyote vimejaa, mgongo unamuuma. Siwema naye alikuwa Mwandiga. Alikuwa ameapa.

Mama akacheka penye mitumba. Kisha sauti yako ikasema: "Haya Mama, mwezi umejaa. Jana jioni ulikuwa umekaa juu ya mfereji, mkubwa kama sinia la Iddi."

Nilizima simu. Mama akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii hakuitazama simu. Aliitazama ndoo.

"Siwema, mashua zimetoka wiki hii?"

"Zimetoka, dada."

"Zote?"

Siwema alinitazama mimi. "Zote."

Mama akapangusa mikono kwenye khanga, mmoja kwanza, halafu ule usio na nguvu. Akaniuliza, "Hamisi, mwanangu alikufa lini?"

Nataka ujue kwamba nilikuwa na uongo mwingine tayari. Ulikuja wenyewe, mzima, kwamba sauti ilichelewa njiani, kwamba mtandao. Pengine angeukubali. Niliutazama ule uongo kama ninavyotazama habari iliyoletwa na mtu mwenye haraka, nikauacha. Nikamtajia siku.

Hakuanguka. Mjomba alikuwa amenitia hofu hata nikawa tayari nimepiga goti kumdaka, na nikabaki hivyo, goti chini, kama mpumbavu. Aliniuliza maswali kwa mfuatano ambao mimi ndiye ningeutumia. Wapi. Nani alimkuta. Alikuwa amekaa au amelala. Kisha akauliza nani alikuosha. Nikamjibu kwamba ni wanawake watatu wa msikiti wa kule, na Fatou mmoja wao.

"Kwa maji ya moto?"

"Sijui, Mama."

"Kaulize."

Nilikwenda kuuliza. Nilitembea hadi mahali mtandao unaposhika, nikampigia Fatou, nikamwuliza. Akasema yalikuwa ya uvuguvugu, yeye ndiye aliyeyachanganya na kuyajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto. Nikarudi na jibu. Ni habari ya kweli ya kwanza niliyompelekea Mama kutoka Uingereza tangu ufe.

Akaipokea kwa kichwa. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka: "Mmekula pilau ya mwanangu Mwandiga, mimi nimekaa hapa nacheka."

Jioni Mjomba Saidi alikuja, kofia mkononi. Alianza kueleza habari ya daktari. Mama akamwacha amalize, kisha akasema, "Saidi, ulisema mtazika wawili. Haya, nihesabu." Mjomba alikaa kwenye ngazi ya mlango hadi magharibi, hakuna aliyemkaribisha ndani wala aliyemfukuza.

Kesho yake Mama aliamuru mikeka itandikwe sebuleni. Kuna aliyemwambia kwamba siku za tanga zilikwisha kupita. Akajibu kwamba kwake yeye umekufa jana. Wanawake wakaja, na safari hii walilia kwa sauti yao. Siwema alikaa naye siku tatu. Yeye Mama alimsamehe kwanza, sijui kwa nini, labda kwa sababu kuhusu mashua hakudanganya. Mimi ananijibu salamu na kupokea dawa. Zaidi ya hapo bado.

Sasa lililonifanya nikae kuandika, maana hayo mengine ningeweza kuyabeba.

Jana Mama aliitaka ile sauti ya zamani uliyosema utakuja Ramadhani. Anaikumbuka. Ulisema umeshaomba likizo, utakuja na koti lako zito ili alivae Mama ajue baridi inavaaje, na ukamtaka akuwekee migebuka mikavu ya ziwani kwetu, ile mikubwa. Niliiweka wiki ya tatu, na sehemu hiyo niliikata, kwa sababu Ramadhani ilikuwa karibu tena na ungetarajiwa. Niliikata, nikahifadhi juu ya ile ile ya awali. Ndivyo tunavyofanya studio, nafasi ni ndogo, kilichokatwa kinakwenda. Nilifanya hivyo kwa mazoea, Mwamini. Sikufikiri hata sekunde. Katika sauti sita nilizozikata, zote sita asili yake haipo. Kikohozi chako pia hakipo. Kwenye simu yako hazipo, Fatou amenitafutia.

Nikamwambia Mama, "Sinayo. Niliifuta." Aligeukia ukutani.

Leo asubuhi aliniita. Anataka tusikilize zote tangu ya kwanza, moja kila Jumapili, kwa mpangilio wa miezi. Tukifika penye zile sita, nitazima simu na nitamwambia kwa mdomo wangu ulichokuwa umesema pale, neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Sitajaza. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na Mama ndiye shahidi.

Koti Fatou amelituma. Limefika Ijumaa. Mama hajalivaa. Liko kitandani upande wake wa ukutani, na mfukoni mna karatasi yenye saa za mabasi, Jumamosi tu, bila jina la mahali. Sitabahatisha ulikokuwa unakwenda.

Pumzika, mdogo wangu. Ardhi ya ugenini ikupokee vizuri kuliko tulivyokutendea sisi wa nyumbani.

Mwezi hapa umeandama juzi, ni mwembamba, unazama mapema upande wa Kongo. Mashua zimetoka zote.

Kaka yako,
Hamisi