Plagi Nyeusi Njia ya Inyonga

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kasokola tuko wazima, bibi yako anakusalimia. Umeuliza tulipimaje petroli inayoingia kwenye injini kabla ya hiyo sensa, yaani kihisi cha oksijeni, mnayofunga kwenye ekzosi, bomba la moshi, huko chuoni.

Miaka ya tisini nilimpeleka bibi yako hospitali Mpanda kutoka Inyonga, ana uchungu wa kumzaa shangazi yako. Gari likatoa moshi mweusi, linakunywa petroli ovyo. Nikapunguza petroli kwa skrubu ya kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa, nikaondoa gari.

“Umejuaje kama imekubali?” bibi yako akauliza.

Nikasimama, nikafungua plagi inayowasha petroli ndani ya injini. Bado nyeusi kwa masizi, maana yake petroli bado nyingi mno. Nikapunguza, tukaenda kidogo, nikaangalia tena, hadi ikawa ya kahawia, dalili kwamba petroli na hewa vimelingana. Sensa yako hupima moshi ili petroli irekebishwe hivyo hivyo, bila gari kusimama.

Petroli ilitufikisha hospitali. Nilikuwa bado nanawa masizi niliposikia shangazi yako analia.

Babu yako