Nilihesabu Sawa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umerudi safari salama na mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Mama hajambo? Mwambie zile soksi zimenitosha, ingawa wenzangu wananicheka. Mimi sijambo, ila nina neno. Ningepiga simu, lakini nakujua: ungenitania, kisha ungesema uko barabarani, na mazungumzo yangeishia hapo.

Masomo ya uuguzi ni magumu, Baba. Mitihani ikikaribia, bweni zima huishi kwa yale makopo ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Tunakunywa asubuhi badala ya chai, tunakunywa tukitoka wodini, na makopo matupu tunayasimamishia kalamu. Mimi sikufundishwa na mtu hapa. Tangu utotoni nimeyaona yakibingirika chini ya kiti cha lori lako, na ulikuwa ukinionjesha Mama akigeuka. Wenzangu waliponisifu kwamba sisinzii, niliwajibu kwa majivuno kwamba mimi ni mtoto wa dereva.

Wiki iliyopita tulikuwa tukipimana mapigo ya moyo darasani, wawili wawili. Nilipangwa na msichana wa kitanda cha jirani tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Alinishika mkono, akatazama saa, akanyamaza. Akaanza upya. Mkufunzi alidhani hajui kuhesabu, akamsogeza kando akanipima mwenyewe. Naye akarudia, kisha akaniuliza nimekunywa nini. Aliviweka vidole vyangu kwenye mkono wangu ili nisikie mwenyewe. Moyo ulikuwa unakimbia, unaruka pigo, unakimbia tena.

Daktari ameniambia nikiacha sasa huenda utatulia. Nimeacha. Kichwa kiliniuma vibaya na nilisinzia mbele ya mkufunzi huyo huyo, lakini naendelea vizuri. Usinihofie mimi.

Ninayemhofia ni wewe. Unakumbuka likizo iliyopita, nilipoomba mkono wako pale sebuleni nifanye mazoezi? Ulikaa wima kama anayepigwa picha, ukamwambia Mama, "Tulia, daktari yuko kazini." Nilihesabu nikakuta mbio, halafu pengo, halafu mbio. Nikaona haya. Nilikuwa bado mchanga kwenye kazi hii, nikadhani kosa ni langu. Nikakwambia uko imara kama chuma. Ulifurahi, ukapakia makopo yako, ukaondoka.

Baba, nilihesabu sawa. Pengo lile nilipolikuta kwenye mkono wangu, nililitambua. Nilikwisha kulikuta kwako. Tangu siku hiyo kila nikisikia lori likipita nje ya bweni naogopa.

Nakuomba, kabla ya safari nyingine, uende hospitali, na makopo uyaache. Najua mazoea yana taabu. Tajiri wako akinuna, mwambie umekatazwa na muuguzi. Ukitaka kucheka, cheka, lakini uende. Na barua hii msomee Mama yote, usiiruke sehemu hii.

Nisalimie dada na watoto wake, na jirani yetu fundi cherehani. Nikija likizo nitaushika tena mkono wako, na safari hii nitakachokihesabu nitakiamini. Tafadhali, Baba, niukute.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako.