Sababu ya Kuzima Kamera

Kwa Musyoka,
Matiliku, Makueni.
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Wavinya,

Kabla hata ya salamu, wacha nikuambie alichofanya Mwende sasa hivi. Tumeketi kwenye benchi la kliniki ya meno hapa Wote, na mzee aliye mbele yetu amepiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Mwende akacheka. Na alipocheka akajifunika mdomo kwa mkono, vidole vyote, kama bibi harusi. Mtoto wa miaka miwili na nusu, meno yake mazima, meupe! Mzee akasema, "Huyu ana adabu sana." Mimi nikaangalia chini. Si adabu, dada. Ananiiga mimi.

Sasa nikusalimie. U hali gani huko Riyadh? Ule mguu uliokuwa ukifura umepoa? Wanakupa muda wa kulala? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mahindi yalikauka lakini ndengu zimetubeba. Mama anakuombea kila asubuhi, na sauti yake unaijua, hata majirani wanasema amina.

Kila Ijumaa unapopewa simu mimi nazima kamera, nasema mtandao ni mbaya. Mama ameniambia unafikiri nilikukasirikia ulipoondoka. Nililia, dada. Sijakukasirikia hata siku moja. Ni jino. Niliwakataza wote wasikuambie. Muthoki anasafiri kesho kuja huko kazini, atakubebea hii barua, kwa sababu kwa simu ningeshindwa kusema.

Ilikuwa mwaka jana tukipiga ndengu. Nilimwinamia Mwende nimbusu, naye akaruka, kichwa chake kikanipiga mdomoni. Jino la juu, la pili kutoka katikati, likalegea, halafu likawa jeusi. Sikuja hospitali. Nilienda kwa yule fundi wa meno wa sokoni, akaling'oa, akanitengenezea la plastiki na kulifunga kwa waya kwenye chonge langu. Nilifurahi. Niliimba nalo miezi miwili.

Basi Jumapili moja tukapata wageni kutoka Kasikeu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza wimbo, nikapanda ile sauti ya juu, na jino likaruka mpaka kwenye ngoma. Likalia ti! Ndululu, mpiga ngoma wetu, akaliokota akalifunga kwa leso, akaninong'oneza, "Dada, wimbo umezaa." Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji, na hawakucheka kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo sijaimba. Mkono wangu umekaa mdomoni mpaka mtoto amefikiri ndivyo watu wanavyocheka.

Daktari wa hapa ni msichana mdogo anaitwa Shiru. Anaongea polepole, anachora kwa karatasi. Amenipa njia tatu. Kuna jino la kuvaa na kuvua, lina ufizi wake wa plastiki. Hilo naliogopa, nimeshaona jino likiruka. Kuna la skrubu ya chuma, linafungwa ndani ya mfupa kabisa, lakini anasema mfupa wangu hapo umepungua, nitaenda Nairobi mara nyingi, na mwaka utaisha. Tena kuna daraja. Wanachonga meno mawili ya jirani, huku na huku, wanayavika kofia ngumu, na jino jipya linashikwa katikati. Halitoki. Huku kinywani wanachukua umbo tu kwa kitu kama ugali laini, halafu linatengenezwa Nairobi na mtu ambaye hajawahi kuniona. Gari la kupeleka maumbo linaondoka saa saba. Sasa ni saa tano na nusu.

Hata rangi nimechagua. Ana vijino vingi kwenye kadi, akavisogeza mdomoni mwangu kimoja kimoja. Nikachagua kile chenye ukahawia kidogo unaoletwa na maji ya kisima chetu. Akashangaa. Nikamwambia, lifanane na ya dada yangu.

Shida ni bibi yetu, Susu. Juzi nilipanda Mbooni kumuaga, maana bibi kama huyo huwezi kumficha. Unajua meno yake yalivyochongwa na patasi akiwa msichana, ndio urembo wa wakati huo. Aliposikia neno kuchonga alinishika mkono akauingiza kinywani mwake. Hakuna kitu, dada. Ufizi tu. Akasema, "Walinichonga ili nipendwe. Nilipendwa miaka ishirini, nimetafuna kwa ufizi hamsini. Niahidi hawatagusa jino zima." Nikaahidi. Ningesemaje?

Nimemwambia daktari. Hakucheka. Alisema ya Susu yaliachwa wazi, yangu yatafunikwa. Nikamuuliza, unaweza kuapa jino zima likichongwa halitakufa? Akasema, "Siwezi kuapa, Mama Mwende. Mengi hudumu. Machache hufa." Afadhali angedanganya. Chonge limeharibiwa na ule waya, limetoboka, hilo ni lazima livikwe kofia. Lakini la upande wa pili ni zima kabisa. Hilo ndilo nililoahidi.

Wacha niandike salamu mapema, wanaweza kuniita wakati wowote. Baba Mwende anakusalimu, ameniambia kinywa ni changu nichague mwenyewe. Mama, Susu na mjomba Nzau wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ukiwa na miguu yako miwili mizima na kicheko chako.

Wako akupendaye,
Nzilani

Dada, bado hawajaniita, na kuna kitu kimenijia. Unakumbuka geti la baba? Nguzo moja ililiwa na mchwa tukiwa wadogo, na geti likaning'inia kwa ile nyingine mpaka leo halijaanguka, ng'ombe wanapita. Sasa kwa nini jino langu lisining'inie kwa chonge peke yake? Hilo tayari ni la kuvikwa kofia. Lile zima wasiliguse. Labda ni ujinga, mimi niliishia darasa la nane. Labda atasema haliwezi kubeba. Lakini nitauliza, hata kama benchi lote litanicheka.

Wameita! Wamesema "Zilani", na Mwende amecheka, mimi pia nimecheka, mikono yangu yote iko kwa hii barua na begi, sina wa kufunika, naye ananiangalia mdomoni, anashusha mkono wake polepole...