Mita Tatu na Ndoo Iliyomwagwa Uani

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja wangu saluni, saa nane mchana, mteja hata mmoja hakuna, na mbele yangu mezani zimelala mita tatu za kupimia pH, yaani ukali wa bia tunayotengeneza nyumbani, kila moja inasema lake, nami zimenichosha mpaka basi, nakuomba unisaidie kuchagua ya nne kabla sijazitupa zote barabarani.

Kisa chenyewe ni hiki. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alifiwa na mumewe mwaka juzi akahamia kwetu, na kwa miezi mingi alikuwa hatoki chumbani ila kuoga, anakula vijiko viwili anasema ameshiba, mpaka siku moja akanisimulia kwamba yeye na marehemu walikuwa wakitengeneza bia ya shayiri jikoni kwao, nikamwambia basi na sisi tutengeneze, na Shangazi, huwezi kuamini, mwanamke yule alirudi, akawa anaamka kabla yetu sote kusaga kimea, anapika, anaonja, ananisema kwamba nakoroga kama mtu anayefukuzwa, tunacheka mpaka mume wangu anakuja kuuliza kuna nini. Yeye hupima kwa ulimi, na kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi. Mimi nikaona huo ni uzembe, kazi yangu ni ya vipimo, dawa ya nywele ukiikosea kidogo tu mtu anaondoka na upara, nikaenda kununua mita.

Ya kwanza ilifanya kazi vizuri wiki mbili, halafu ikaanza kuyumba, unaitumbukiza namba zinapanda polepole hazitulii, nikanunua ya pili nayo ikafanya yale yale, nikanunua ya tatu, hii ina mpaka kijitabu kinene cha maelezo, na usidhani sizitunzi, nazitunza kuliko mikasi yangu, kila nikimaliza nakifuta kile kichwa cha kioo kinachozama kwenye bia kwa spiriti, nakikausha kwa taulo safi mpaka king'ae, naiweka kwenye droo ya vitana ikiwa haina hata tone la maji. Mwezi uliopita ndoo yetu ilipokuwa tayari, mita ikasema tano nukta tisa, na kitabu changu cha kutengenezea bia kinasema bia iliyokwisha kuchachuka ikizidi nne nukta sita usiiamini. Wifi akanionyesha kikaratasi chake, rangi ya nne na kitu, akanishikisha glasi, akasema, "Onja kwanza, wifi." Sikuonja. Nikamrudishia glasi yake, nikamwambia mambo ya kukisia yamepitwa na wakati, na kwamba sitaki aue mtu nyumbani kwangu. Nikaimwaga uani, lita ishirini nzima, yeye amesimama mlangoni ananiangalia.

Tangu siku hiyo amerudi chumbani. Bia ya kwenye glasi aliimimina kwenye chupa akaifunga, iko dirishani kwake, haifungui wala haitupi. Mume wangu anasema mimi ndiye niliyemtoa kule ndani na mimi ndiye niliyemrudisha. Sasa nataka mita isiyodanganya, nimwonyeshe wifi kwamba sikumwonea, pengine tutaelewana. Ninunue ipi?

Msusi, mwenye mita tatu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilimpa mume wangu, aliyefanya kazi maabara miaka mingi kabla ya kustaafu. Alisoma vizuri mpaka penye spiriti na taulo, akavua miwani, akaniuliza kama unaandika kwa mzaha. Nikamwambia hapana, huyu ni msusi, ndivyo anavyotunza vitana.

Kile kioo hakitakiwi kukauka hata siku moja. Kinapima kikiwa na unyevu, na wewe unakiosha kwa spiriti, unakisugua, unakilaza kikavu kwenye droo. Mita zako hazikuwa mbovu. Umeziua mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa usafi. Kama unabisha, ichukue hiyo ya tatu uitumbukize kwenye siki ya jikoni. Siki inatakiwa isome mbili na kitu, au tatu hivi. Ikikuambia sita, utasema siki nayo imeharibika?

Siku ukinunua nyingine, na si leo, tafuta ambayo kichwa chake kinaweza kubadilishwa, inayorekebishwa kwa maji maalumu yenye pH ya nne na yenye pH ya saba, na yenye kifuniko cha kuwekea maji yake ya chumvi ya kuhifadhia. Kila siku ya kupika, irekebishe kwanza. Bia unayopima iache ipoe kwenye kikombe. Ukimaliza isuuze kwa maji safi, ikung'ute, irudishe kwenye maji yake ya chumvi. Taulo libaki saluni. Haya yote yamo kwenye kile kijitabu kinene, ambacho inaelekea hukukifungua.

Sasa nikuseme kidogo. Unataka mita ya kumwonyesha wifi yako kwamba hukumwonea. Ulimwonea. Kikaratasi chake kilisema kweli na ulimi wake ulisema kweli, na mtu aliyezika mume juzi tu ukamwambia ataua mtu nyumbani kwako. Nyumbani kwako, tena. Nimelisoma neno hilo mara mbili nikakasirika mara mbili, na mimi si ndugu yake.

Kwa hiyo mita ya nne usinunue. Jioni ukifunga saluni nenda ukagonge mlango wake, mkononi uwe na glasi mbili tu. Usianze na habari ya spiriti, hiyo utamweleza kesho. Mwambie, "Wifi, bia yako ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyekosea," kisha umwombe aifungue ile chupa ya dirishani. Akikataa, kaa naye hivyo hivyo. Akiifungua, itakuwa haina gesi na imepigwa jua mwezi mzima, na hutaipenda hata kidogo. Inywe uimalize, halafu muulize ilikuwa na ladha gani siku ile.