Vijiko Kumi na Viwili

Musonoi, 4 Mei 2024

Yaya Gael,

Kaka yangu mkubwa, salamu kutoka kwa mama. Huku tunapumua, afya yako Lubumbashi iko namna gani?

Jana walinzi wa mgodi waliwapiga marungu wachimbaji wasio na kibali, mmoja akapoteza jicho. Kaka yetu Stany aliponyoka, lakini leo amerudi shimoni.

Mi najiandaa kwa mtihani wa upimaji ili kampuni iniajiri. Chef, mkubwa wa kazi mgodini, ametupa zoezi: shimo la duara, kipenyo mita 1.2, kina mita 30. Kijiko cha mashine hubeba mita tatu za ujazo. Vijiko vingapi vitalijaza?

Mdogo wako,
Sadrack

Lubumbashi, 7 Mei

Mdogo wangu Sadrack,

Nimefurahi kwamba mama ni mzima. Mimi pia, ingawa diploma yangu ya uhandisi bado haijapata mwajiri anayeistahili.

Ujazo ni 33.9, vijiko kumi na viwili. Lakini napinga swali lenyewe. Shimo ni tupu? Lina maji? Nimesoma vya kutosha kujua kwamba anayeficha hali ya mahali hafai kutunga mtihani. Simama darasani umuulize, wala usiogope cheo chake.

Yaya yako,
Gael

Kolwezi, kwenye cachot ya mahabusu, 13 Mei

Yaya Gael,

Wewe mzima? Mi nimepoteza meno mawili.

Nilimpa chef jibu lako, akampigia dereva wa mashine simu palepale aanze kujaza. Ndipo nikauliza kama shimo ni tupu. Alinipiga kwa kitako cha bunduki ya mlinzi. "We mutoto, kazi yako ni kuhesabu! Kama batu iko mule, inakuhusu nini?"

Nilikimbia hadi shimo la Stany, maana vipimo vilikuwa vyake. Kijiko cha pili kilikuwa kimemwagwa. Nilipiga kelele, lakini dereva, Ntambwe wa kwaya yetu, hakusimama. Nilipanda mashine nikampiga nondo kichwani mpaka mikono ikaachia usukani. Hakuamka.

Wachimbaji walifukua kwa mikono. Stany yu hai, mguu umevunjika. Wenzake wawili walitolewa wafu, udongo umejaa vinywani.

Mke wa Ntambwe alikuja kunitemea mate. Sikujifuta.

Wewe mwenye maneno, njoo uulize mbele ya jaji.

Sadrack wako

Fungurume, 15 Mei

Sadrack,

Basi limeharibika hapa. Barua hii inatangulia na dereva wa lori. Usitie saini chochote.

Nilizoea kubishana ili nishinde. Safari hii sitapinga kwamba Ntambwe amekufa, wala kwamba uliua. Nitamwambia jaji hesabu ilifanywa na nani, na kwamba ilikuwa sahihi. Kisha nitataka chef aitwe, aulizwe swali lako.

Yaya yako,
Gael